Takwimu za mafuta na gesi za nchi: utumie EIA, JODI, Energy Institute, OPEC au IEA?

Marekani ilizalisha mapipa mangapi ya mafuta kwa siku mwaka 2023? Jibu la kwanza ni karibu milioni 12.9. La pili ni karibu milioni 19.4. La tatu ni karibu milioni 21.9. Majibu yote matatu ni sahihi na yametolewa na watu wanaoijua kazi yao, lakini kati ya dogo na kubwa kuna pengo la mapipa milioni tisa kwa siku, karibu mara mbili ya mafuta ghafi yanayotoka Iraq nzima.

Nimeanza na hili kwa sababu kila wiki nakutana na mtu aliyechukua namba ya kwanza iliyojitokeza, akachora grafu, akatoa hitimisho kuhusu nchi nzima. Kosa lake si hesabu. Hakuchagua chanzo, chanzo ndicho kilichomchagua. Vyanzo vinavyotumika zaidi kufuatilia uzalishaji na matumizi ya mafuta na gesi nchi kwa nchi ni vitano: EIA ya serikali ya Marekani, JODI ambayo ni hazina ya pamoja inayojazwa na serikali, Energy Institute ya London, OPEC ambayo ni jumuiya ya nchi zinazouza mafuta nje, na IEA, shirika la kimataifa la nishati la Paris. Havilingani kwa ubora wala kwa kazi, na vingine nitavipitia haraka kwa kuwa kazi yake ni finyu.

Tuzifungue kwanza hizo namba tatu, maana ukizielewa umeshaelewa nusu ya tatizo.

| Kinachohesabiwa | Mapipa kwa siku, 2023 | Kinakopatikana |
|---|---|---|
| Mafuta ghafi pamoja na kondenseti | karibu milioni 12.9 | EIA, majedwali ya mafuta ghafi |
| Hayo pamoja na vimiminika vya gesi asilia | karibu milioni 19.4 | Energy Institute |
| Hayo yote, pamoja na mafuta ya mimea na ongezeko la ujazo viwandani | karibu milioni 21.9 | EIA, jumla ya vimiminika vyote |

Kondenseti ni mafuta mepesi sana yanayotoka kisimani pamoja na gesi. Vimiminika vya gesi asilia ni ethani, propani na butani zinazotenganishwa na gesi baada ya kutoka kisimani. Kwa Marekani, ambako gesi ya miamba imefurika tangu miaka ya 2010, fungu hili ni kubwa mno kuachwa nje. Mafuta ya mimea ni ethanoli ya mahindi na dizeli ya mimea. Ongezeko la ujazo ndilo linalowashangaza wengi: kiwanda cha kusafisha mafuta kinapovunja molekuli nzito kuwa nyepesi, pipa moja linaloingia hutoka likiwa limezidi pipa moja. Uzito haujaongezeka, ujazo ndio umeongezeka. Kwa nchi yenye viwanda vingi vya kusafisha, ongezeko hilo peke yake ni karibu mapipa milioni moja kwa siku. Ukipima kwa tani huwezi kuliona kabisa.

Sasa weka matumizi pembeni. EIA husema Marekani ilitumia karibu mapipa milioni 20.3 kwa siku mwaka huo, ethanoli ikiwemo. Energy Institute, ambayo huiweka ethanoli kwenye jedwali lake tofauti, husema karibu milioni 19. Chukua mafuta ghafi ya EIA, milioni 12.9, utoe matumizi ya milioni 20.3: utapata nchi yenye upungufu wa zaidi ya mapipa milioni saba kila siku. Chukua jumla ya vimiminika, milioni 21.9, utoe matumizi yaleyale: utapata ziada ya milioni 1.6. Forodha zao zinaunga mkono hesabu ya pili, kwani ukijumlisha mafuta ghafi na bidhaa zake zote, Marekani imekuwa ikiuza nje zaidi kuliko inavyoagiza tangu 2020. Hesabu ya kwanza imepima mavuno kwa pishi na chakula kwa kibaba, na bado nimeiona ikitumiwa kwenye mada nzito za sera.

Basi kabla hujachagua chanzo, chagua swali. Mwenye kutaka kujua visima vinafanyaje atazame mafuta ghafi. Mwenye kutaka kujua kama nchi inajitosheleza achukue jumla ya vimiminika, tena pande zote mbili za hesabu zitoke kwenye jedwali moja.

Energy Institute: ukitaka kuona miongo, siyo miezi

Haya ni mapitio ya takwimu ambayo BP iliyachapisha tangu miaka ya 1950 hadi ilipoyakabidhi kwa Energy Institute ya London mwaka 2023. Hutoka mara moja kwa mwaka, katikati ya mwaka, na faili lake la Excel hupakuliwa bure. Uzalishaji na matumizi ya mafuta huanzia 1965. Kwa mtu anayesoma mwelekeo wa nchi, sijaona kinachokishinda.

Fungua safu ya Uingereza uone ninachosema. Uzalishaji wa mafuta ya Bahari ya Kaskazini unapanda tangu katikati ya miaka ya 1970, unajikwaa baada ya mlipuko wa jukwaa la uchimbaji la Piper Alpha mwaka 1988, unapanda tena hadi kilele cha 1999 cha karibu mapipa milioni 2.9 kwa siku, kisha unateremka bila kurudi juu. Gesi inafika kileleni mwaka uliofuata, na ilipofika 2004 nchi ilikuwa imeshakuwa mwagizaji. Msiba mmoja, vilele viwili, mteremko wa miaka ishirini: yote yapo kwenye mistari miwili ya jedwali. Vuka bahari hadi Norwei. Mafuta yalifika kileleni 2001, lakini gesi iliendelea kupanda kwa miaka mingi baadaye, na uzalishaji wa mafuta ukapata nguvu mpya baada ya eneo la mafuta la Johan Sverdrup kuanza kutoa mwaka 2019. Tena Norwei karibu haitumii gesi yake yenyewe, maana umeme wake ni wa maporomoko ya maji. Ukisoma uzalishaji peke yake hutajua kwa nini nchi ndogo hivyo ni muuzaji mkubwa wa gesi Ulaya. Ukisoma matumizi pembeni yake utaelewa mara moja.

Udhaifu wake uko kwenye matumizi. Energy Institute hujumuisha mafuta yanayojazwa kwenye meli na ndege za safari za kimataifa ndani ya matumizi ya nchi yanakojazwa. Matokeo yake Singapore, bandari inayoongoza duniani kwa kujaza meli mafuta, huonekana kama taifa ambalo kila mkazi anakunywa mafuta kwa madebe. Mwaka 2023 meli zilijaza pale zaidi ya tani milioni 50. Mafuta hayo yanaungulia baharini, si barabarani kwa Wasingapore. Ukilinganisha matumizi kwa kila mtu baina ya nchi, visiwa na bandari kubwa uziondoe, au uhamie kwenye mizania za IEA.

EIA: kwa kina, hasa ukifuatilia Marekani

EIA ni ofisi ya takwimu ya wizara ya nishati ya Marekani. Kwa nchi nyingine zote ina hazina ya kimataifa inayoanzia 1980, bure, na jedwali lake la uzalishaji linatenganisha mafuta ghafi, vimiminika vya gesi, na ongezeko la viwandani. Utenganishaji huo ndio unaonifanya niipende. Vyanzo vingine hukupa jumla na kukuachia kukisia kilichomo.

Kwa Marekani yenyewe hakuna mpinzani. Mfululizo wa mafuta ghafi unaanzia 1859, mwaka ambao kisima cha Drake kilitoa mafuta Titusville, Pennsylvania. Ukiufuata unaona kilele cha 1970 cha karibu mapipa milioni 9.6 kwa siku, kushuka hadi karibu milioni 5 mwaka 2008, halafu kupanda kwa kasi kubwa, hadi rekodi ya 1970 ikavunjwa 2018. Wataalamu wengi walioandika kati ya 1980 na 2005 waliuona mteremko ule kama wa mwisho. Jedwali halikuwa na kosa. Lilieleza yaliyopita, nao wakalisoma kama utabiri.

EIA pia hutoa makadirio ya kila wiki. Usiyatumie kwa mwelekeo. Ni ya wafanyabiashara wa soko, na ripoti ya kila mwezi inayofuata baada ya miezi miwili hivi huyasahihisha, mara nyingine kwa kiasi kikubwa. Ukiona grafu ya uzalishaji iliyochorwa kwa namba za wiki na nyingine kwa namba za mwezi, iamini ya mwezi.

JODI: ukitaka kuiona nchi inavyogeuka

JODI ilianza 2001 kama zoezi la mashirika sita yaliyochoshwa na giza la takwimu za mafuta: APEC, Eurostat, IEA, OLADE, OPEC na idara ya takwimu ya Umoja wa Mataifa. Jumuiya ya nchi zinazouza gesi nje ikajiunga baadaye. Sekretarieti ya jukwaa la kimataifa la nishati lenye makao Riyadh ndiyo inayoratibu. Hazina ya mafuta ilifunguliwa kwa umma 2005, ya gesi 2014. Serikali zenyewe zinajaza dodoso kila mwezi, na namba hutoka zikiwa na umri wa miezi miwili hivi.

Hapa kuna vitu ambavyo kwingine huvipati bure. Ninaoutumia sana ni mstari wa mafuta ghafi yanayotumika moja kwa moja, bila kupitia kiwanda cha kusafisha. Ufungue wa Saudi Arabia. Miezi ya baridi mstari uko chini. Joto likipanda, viyoyozi vikiwashwa, mitambo ya umeme inaanza kuunguza mafuta ghafi na mstari unaruka kwa mamia ya maelfu ya mapipa kwa siku, kisha unashuka tena msimu ukiisha. Jedwali la mwaka linaufuta mchezo wote huo kwa wastani mmoja. Mtu aliyesoma mwaka atadhani mauzo ya nje ya Saudi yanaamuliwa na OPEC peke yake. Aliyesoma mwezi anaona na jua lina neno lake.

Misri ni mfano mwingine mzuri. Eneo kubwa la gesi la Zohr liligunduliwa 2015 na kuanza kutoa Desemba 2017. Mwaka 2018 nchi ikatangaza kwamba haihitaji tena kuagiza gesi ya kimiminika, na 2022 ilikuwa ikiiuza kwa wingi Ulaya iliyokuwa na njaa ya gesi. Kufikia 2024 ilikuwa imerudi sokoni kununua. Mgeuko huo ulianza kuonekana kwenye namba za mwezi kabla jedwali la mwaka halijatoka: uzalishaji unashuka taratibu, matumizi yanapanda kila kiangazi, na nafasi kati ya mistari miwili inabana hadi inafungana. Kwa nchi iliyo karibu na mpaka kati ya kuuza na kununua, chagua JODI bila kusita.

Lakini isome kwa uangalifu. Ubora unategemea nchi inayojaza dodoso. JODI hupaka rangi kila namba: buluu maana yake imelinganishwa na vyanzo vingine na inakubalika, njano maana yake soma maelezo kwanza, nyeupe maana yake haijatathminiwa. Wanaopakua faili tupu hawazioni rangi hizo, na hapo ndipo namba nyeupe huingia kwenye tasnifu ikiwa na hadhi ya buluu. Zaidi ya hapo, miezi hukosekana. Usijaze pengo kwa sifuri, maana programu nyingi za majedwali zitaichukua kama nchi iliyosimamisha visima vyake.

OPEC na IEA, kwa kifupi

Ripoti ya kila mwezi ya OPEC ina majedwali mawili ya uzalishaji wa wanachama: lile linalokusanywa na vyanzo vya nje, na lile ambalo serikali zenyewe zimeripoti. Kwa Venezuela, kwa mfano, la serikali kwa kawaida liko juu zaidi. Ukiandika kuhusu soko tumia la vyanzo vya nje. Ukiandika kuhusu kauli ya serikali tumia la pili, na useme wazi kwamba ni kauli yake. Yote mawili yanahesabu mafuta ghafi peke yake, kondenseti imeachwa, kwa sababu mgao wa OPEC hauihusu. Wala usichore mwelekeo wa "jumla ya OPEC" bila kuangalia nani alikuwa mwanachama mwaka gani: Indonesia ilitoka 2009 baada ya kugeuka mwagizaji, ikarudi Januari 2016 na kusimamisha uanachama tena kabla mwaka haujaisha, Qatar ikatoka 2019, Angola 2024. Nusu ya mishuko kwenye grafu hizo ni barua za kujitoa.

IEA ya Paris, iliyoanzishwa 1974 baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, ndiyo yenye mizania kamili zaidi: gesi kiasi gani iliingia mitambo ya umeme, kiasi gani viwandani, kiasi gani majumbani. Mafuta ya meli na ndege za kimataifa imeyatenga. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya data yake ya kina hulipiwa, na ile ya bure ni muhtasari. Kama chuo chako au ofisi yako ina usajili, swali la "nani anatumia" lipelekwe huko. Kama hauna, EIA na JODI zitakufikisha mbali.

Gesi ina mitego yake

Mafuta yanakubali kupimwa kwa pipa, lita 159, na mjadala unaisha. Gesi haikubali. Uliza kwanza: ni gesi yote iliyotoka ardhini, au ni ile iliyofika sokoni? Prudhoe Bay huko Alaska imekuwa ikitoa mafuta tangu 1977, na gesi inayotoka pamoja nayo hurudishwa chini ya ardhi, kwa sababu hakuna bomba la kuipeleka sokoni na kwa kuwa msukumo wake unasaidia mafuta kupanda. Ni gesi ileile inayozunguka. Ukiihesabu kila inapotoka, Alaska ni jitu la gesi. Aljeria nayo hurudisha kiasi kikubwa. Halafu kuna inayochomwa hewani tu, ambayo Benki ya Dunia iliikadiria kuwa mita za ujazo bilioni 148 duniani kote mwaka 2023. Energy Institute huondoa iliyochomwa na iliyorudishwa. Hazina ya EIA hukupa zote, kila moja kwa safu yake, ilimradi usome kichwa cha safu.

Joto nalo linahesabika. Gesi ya Groningen, eneo kubwa la gesi la Uholanzi lililogunduliwa 1959, ina naitrojeni karibu asilimia 14, kwa hiyo mita moja ya ujazo inatoa joto pungufu kuliko gesi ya Norwei. Energy Institute hugeuza gesi yote kuwa ya kiwango kimoja, megajuli 40 kwa mita ya ujazo, na ndiyo maana namba yake ya Uholanzi haikuwa sawa na ya serikali ya Uholanzi yenyewe kwa miaka mingi. Hakuna aliyedanganya. Uchimbaji Groningen ulisimamishwa Oktoba 2023 kwa sababu ya matetemeko, lile la Huizinge la 2012 likiwa kubwa kuliko yote, na tofauti hiyo sasa inafifia. Ukichora historia lakini bado ipo.

Na vipimo. Kwenye nyaraka za Kimarekani herufi M moja mbele ya futi za ujazo ni elfu, kutoka namba za Kirumi, na MM ni milioni. Kwingineko M ni milioni. Niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta kisima "kilichopotea" kumbe nilikuwa nimezidisha uzalishaji wa nchi nzima mara elfu. Tangu siku hiyo kazi yangu ya kwanza kwenye faili lolote la gesi ni kuchukua mwaka mmoja ninaoujua, kugawa futi za ujazo kwa 35.3 kupata mita, na kuona kama inakaribiana na chanzo cha pili.

Ningechagua hivi

Kwa tasnifu au makala ya mwelekeo wa muda mrefu, Energy Institute iwe mgongo wa kazi, EIA iwe ya kukagua kilichomo ndani ya jumla. Kwa habari za mwaka huu, JODI kwanza, kisha OPEC kama nchi ni mwanachama. Kwa Marekani, EIA na ya mwezi. Kwa matumizi ya kisekta, IEA.

Hali moja inanifanya niache yote hayo: nchi isiyochapisha akiba yake. China ni mfano mkubwa. Haitangazi mara kwa mara mafuta ghafi kiasi gani yameingia kwenye matangi, kwa hiyo "matumizi" unayoyaona ni hesabu ya kukisia. Hapo hakuna jedwali la kuchagua. Chukua uzalishaji wao, ongeza uagizaji, toa mauzo ya nje, kisha toa mafuta yaliyoingia viwanda vya kusafisha. Kinachobaki kimekwenda matangini. Miezi ambayo bei ya dunia imeanguka, kama katikati ya 2020, baki hilo huvimba, na anayeliita matumizi ataandika kwamba uchumi umechangamka wakati matangi ndiyo yaliyokuwa yakijazwa.

Chanzo chochote utakachokichukua, andika tarehe uliyopakua kwenye jina la faili. Energy Institute hurekebisha miaka ya nyuma kila toleo, JODI kila mwezi, na namba ya 2019 uliyoinakili 2020 huenda haipo tena popote isipokuwa kwenye kompyuta yako.